Mumbere Asiyeitika

Jumatatu, 25 Novemba

Daktari Aber amenipa daftari hili na kalamu ya bluu. Ameniagiza niandike kila siku mtoto ameamka saa ngapi, amekula nini, amepiga kelele mara ngapi, na kitu gani kilitangulia kelele. "Usiandike kama barua ya mapenzi," alisema. "Andika kama polisi." Atalisoma tukirudi hospitali Kasese mwezi wa tatu. Nimekubali, ingawa mimi nikianza kusema huwa sijui pa kukomea, na polisi wa namna hiyo sijawahi kumwona.

Basi. Jina la mtoto: Mumbere (la ubatizo Crispus, hatulitumii). Umri: miaka mitano na miezi miwili. Mama: Kahambu, mzaliwa wa Butembo, Kongo, nilivuka mpaka wa Mpondwe mwaka 2018 nikiwa na kitenge kimoja na cheti cha shule ya masista. Baba: Semu, mkulima wa pamba, Munkunyu. Mtoto hasemi. Alikuwa na maneno manne alipotimiza mwaka na nusu, akayaacha moja moja. Hatazami mtu usoni. Ukimwita jina haitiki, lakini fungua pakiti ya biskuti chumba cha pili uone atakavyokuja mbio.

Aber ni Mwacholi wa Gulu. Hajui lugha yetu nami sijui Kiingereza, tukakutana kwenye Kiswahili: changu cha darasani, chake cha kambi ya jeshi, maana baba yake alikuwa afande. Anakisema kama mtu anayepanga askari mstari.

"Sikiza, mama. Hii kijana yako haiko kichaa. Haiko na pepo. Iko na usonji. Alizaliwa nayo na atakua nayo. Si wewe ulifanya, si mtu alifanya. Umesikia?"

"Nimesikia. Dawa yake?"

"Dawa hakuna. Iko kazi."

Halafu akanipa fomu. Bwera kuna shule yenye darasa dogo la watoto kama yeye, mwalimu wake anaitwa Gorret. Nafasi imebaki moja. Fomu ifike kabla ya mwezi wa kwanza kwisha, tena iwe na sahihi ya baba, kwa sababu mwaka jana kuna baba alikuja kumtoa mtoto darasani kwa panga akisema hakuulizwa. Baba wa huyu wangu wakati huo alikuwa nje ya mlango, anazungumza na simu ambayo, kwa ninavyomjua, haikuwa na mtu upande wa pili.

Jumanne, 26 Novemba

Ameamka saa kumi na moja. Amekula ndizi tu. Kelele mara mbili. Kabla ya ya kwanza: jogoo. Kabla ya ya pili: sijui.

Alhamisi, 28 Novemba

Semu aliahidi kumweleza mama yake. Nimegundua alichomweleza ni kwamba daktari amesema mtoto atasema tu, tungoje. Ikabidi niende mwenyewe.

Mama mkwe, Edisa, alikuwa barazani anakagua pamba ya kwanza, safi huku, fifi, ile iliyochafuka, kule. Nilipiga magoti nikamwamkia, nikaeleza yote, usonji, kazi, darasa la Bwera. Hakuinua macho. Alipomaliza fungu lake akauliza, "Huyo daktari amezaa?"

"Sijui, mama."

"Basi kamuulize kwanza."

Mimi na Semu tukitaka mama asitusikie tunasema Kiswahili. Chake alikiokota kwa wachuuzi wa Kongo na hakuwahi kukifua. Nilimwonyesha fomu. Akasema, "Wewe ngoja kidogo. Mimi itaweka sahihi. Lakini mama lazima ikubali kwanza. Hii nyumba ni ya mama." Nilikuwa nimeolewa na Semu. Sasa naona niliolewa na baraza.

Jumatatu, 2 Desemba

Pamba imefunguka shamba zima na mawingu yamekaa juu ya mlima. Pamba ikinyeshewa inageuka fifi, kwa hiyo tunachuma toka alfajiri, mimi, Semu, na mama mkwe mwenye miaka sabini anayetushinda wote.

Mtoto shambani hawezi. Juzi alishika njia ya barabarani mara tatu. Mama mkwe akasema, "Mweke stoo. Humo hataungua wala hatazama." Stoo ya pamba ina mlango wa bati na kufuli. Nimemweka. Kufuli nimefunga mimi. Naliandika hilo kwa sababu polisi angeuliza ni nani.

Kinachoniumiza ni kwamba anapapenda. Anajizika kwenye pamba mpaka shingoni na kutulia. Kelele: hakuna. Mama yake amechuma magunia mawili huku sikio liko mlangoni, na ufunguo unamkwaruza kifuani.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua. Hatukuchuma. Nimeketi naye ndani ya stoo. Siku nzuri.

Ijumaa, 6 Desemba

Fomu iko juu ya kabati. Nimempa Semu kalamu mkononi. Amesema kesho.

Jumamosi, 7 Desemba

Kesho.

Jumanne, 10 Desemba

Mwandiko wa leo usishangaze mtu.

Leo nilirudisha mlango wa stoo bila kufuli. Si kwamba nilisahau. Nilitaka siku moja nisiwe askari jela. Mawingu yalikuwa meusi, tukachuma kwa haraka, na saa nne nilipoenda kumpa uji nikakuta shimo lake kwenye pamba, na mlango wazi.

Nilipiga yowe. Hapa yowe likipigwa watu huacha hata chungu kikiungua, sitawasengenya kwa hilo. Walitoka kila upande, wakatawanyika kwenye pamba na migombani wakiita, "Mumbere! Mumbere we!"

Sasa yeyote aliyezaliwa pande zetu anajua kitakachofuata. Kwetu, pande zote mbili za mpaka, mtoto wa kiume wa kwanza ni Mumbere, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Jina ni namba yako kwenye tumbo la mama yako. Kila nyumba ina Mumbere wake. Ukisimama Munkunyu ukaita Mumbere kwa sauti ya msiba, wanakuja. Alikuja Mumbere wa fundi baiskeli. Alikuja Mumbere wa mchungaji, kinywa kimejaa mihogo. Walikuja wawili kutoka shuleni. Akaja Mumbere mwenye mvi, mjukuu wake amemshika mkono, anauliza ni nani aliyekufa kwao. Niliwahesabu, saba. Siku nyingine ningecheka mpaka nianguke.

Wangu ndiye alikosekana. Mvua ikaanza, ya mawe madogo, na pamba yetu ikabaki inachapwa bila mtu wa kuitazama. Tulimtafuta mpaka saa saba. Alikuwa kwenye mfereji nyuma ya nyumba ya mchungaji, hatua kumi kutoka mahali watu walipokuwa wanasimama kumwita. Maji yalimfika magotini. Alikuwa ameweka sikio karibu na bomba la saruji anasikiliza maji yanavyopita, ametabasamu.

Nilimpiga kofi. Nalo naliandika. Halafu nilimkumbatia, akapiga kelele kwa sababu ya kukumbatiwa, si kwa sababu ya kofi.

Alhamisi, 12 Desemba

Leo baada ya chakula mama mkwe aliweka sahani chini, akatutazama, mimi na Semu.

"Mimi nilikuwepo," alisema. "Niliona kwa macho yangu. Waliitwa kina Mumbere, wakaja saba, hata asiyeona vizuri alikuja. Huyu alikuwa karibu kuliko wote na hakuja. Mtoto si kiziwi, biskuti anazisikia. Kwa nini hakuja?"

Nilisema, "Mama, daktari alieleza..."

"Hakuja kwa sababu hakuitwa. Huyu si Mumbere." Akanigeukia. "Mama Mumbere, nikuulize kwa upole. Kabla ya huyu, hukuwa na mwingine?"

Nilisema sikuwa na mwingine. Nilisema haraka kupita kiasi.

Jumamosi, 14 Desemba

Daktari Aber, kuanzia hapa usisome. Nitakunakilia mambo ya polisi kwenye daftari lingine.

Alikuwepo. Alizaliwa Butembo mwezi wa pili mwaka 2018, mvulana, na baba yake alikuwa ameshahamia Goma bila kuaga. Aliishi siku mbili. Mama yangu alimpa jina kabla ya kumfukia nyuma ya mibuni, kwa sababu hata aliyepumua mara moja huhesabiwa. Mumbere. Miezi kumi baadaye nilikuwa Bwera nauza dagaa, na Semu akawa mteja asiyejua kula dagaa lakini ananunua kila Ijumaa.

Huyu alipozaliwa, mama mkwe ndiye alimpokea mikononi. Akaniuliza, kama wakunga wote wanavyouliza kwetu, "Ni wa kwanza?" Nilikuwa nimechoka, nina miaka ishirini na mitatu, nimeolewa kama msichana asiyewahi kuzaa. Nikasema, "Wa kwanza." Nilimpa mtoto wangu mzima jina la mtoto wangu mfu, na kila siku ninalitamka mara hamsini.

Najua alichosema Aber. Si wewe ulifanya. Najua pia kwamba mpwa wa mchungaji anaitwa jina lake halisi na bado ana kifafa. Lakini mimi pekee katika nyumba hii ndiye ninayejua kwamba bibi kizee amepiga bila kuona na amepata. Mtoto haitiki, na jina si lake. Nikiyaweka mambo hayo mawili pamoja napatwa na baridi, na cheti cha masista hakinisaidii.

Jumatatu, 16 Desemba

Kuamka saa kumi. Ndizi. Kelele tano. Nimefunga kufuli.

Jumanne, 17 Desemba

Kufuli.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Wageni walikuja, mama mkwe akasema mtoto akae stoo mpaka waondoke. Walikaa mpaka jioni. Mwanangu alipata Noeli kwenye magunia, na mimi nikawagawia watu wali nikicheka na kila mtu.

Alhamisi, 26 Desemba

Mdogo wangu Christophe amekuja kutoka Mpondwe na soda na mkate. Mama mkwe alimkalisha barazani, akamuuliza habari za nyumbani, habari za mama, halafu kwa sauti ileile: "Na dada yako alizaa mara ngapi?" Christophe ni mfanyabiashara wa mpakani, maafisa wa forodha humuuliza maswali kila siku. Akasema, "Mama, mimi nilikuwa mutoto. Najua mpira tu."

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Aliniambia, "Yaya, dada yangu, usiseme. Bakijua, batakufukuza, na mutoto atabakia. Mutoto ni ya ukoo ya baba, unajua. Ile ya kwanza iko kwa Mungu, haina shida. Huyu ndiye eko na shida."

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza, anabakia mu stoo."

Alinipa soda iliyobaki.

Ijumaa, 3 Januari

Leo nimemwona mama mkwe vingine, na sikupenda, kwa sababu kumchukia kulikuwa kunanipumzisha.

Mvua ilitukimbiza shambani tukajificha chini ya migomba nyuma ya nyumba yake. Pale chini kuna mawe matatu ambayo mimi siku zote niliyachukulia kama mawe tu. Akayagusa moja moja kwa kidole cha mguu. "Mumbere," alisema. "Bwambale. Masereka. Huyu alikuwa anacheka sana." Semu wangu jina lake la nyumbani ni Kule, wa nne, na mbele yake hakuna aliye hai. Nililijua hilo, lakini sikuwahi kulifikiria kutoka upande wa mama yake.

"Walitaka nimwite Semu Mumbere," alisema, "eti nianze upya, nisahau. Nilikataa. Waliokwenda hawataki mengi. Wanataka wahesabiwe. Ukimruka mmoja, anakuja kukaa kwenye kiti cha mdogo wake, na mdogo anakosa pa kukaa." Akanishika mkono. Mkono wake ni kama kamba ya katani. "Sitaki kukufukuza, Mama Mumbere. Nataka mjukuu wangu apate kiti chake."

Nilikuwa na neno mdomoni. Mvua ikakatika, akasema twende, pamba inaharibika.

Jumamosi, 11 Januari

Siku ishirini zimebaki. Semu: kesho.

Jumanne, 14 Januari

Mtoto ameanza kukohoa vumbi la pamba. Nimemwambia mama mkwe simfungii tena. Akasema sawa, basi nimfunge kwa kitenge kiunoni mwangu nichume naye. Tumechuma hivyo kutwa nzima. Akienda, ninavutwa. Nikienda, analia. Jioni nilikuwa na gunia moja na alama nyekundu kiunoni, naye alikuwa nayo vilevile.

Ijumaa, 17 Januari

Semu amenikuta jikoni. Alisema kwa Kiswahili, ingawa mama yake hakuwa karibu. "Kahambu, kama iko kitu, sema. Baba mkubwa, Mzee Tsongo, itakuja Jumapili. Mimi haiwezi kukasirika. Wewe nasema, mama inaita jina ya kweli, mimi naweka sahihi hiyo siku. Inaisha."

Inaisha. Sikumbuki lini neno lilinipendeza hivyo.

Jumapili, 19 Januari

Walikaa sebuleni baada ya ibada: Mzee Tsongo, kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe, kwenye kiti cha mbao, mama mkwe, Semu karibu na mlango, mahali pake pa siku zote. Mimi nilikaa kwenye mkeka na mtoto mapajani. Mzee Tsongo alisali sala fupi ya Kikristo, akasema, "Mwanangu, mficha uchi hazai. Sema, hakuna atakayekugusa."

Nilisema. Nilidhani nitasema maneno matatu, nikasema saa nzima. Nilisema siku mbili zile zote, alivyonyonya upande mmoja tu, nywele alizokuwa nazo masikioni. Nilipomaliza nilikuwa mwepesi, na niliona aibu kuwa mwepesi. Mama mkwe alikuwa analia. Alikuja kwenye mkeka kwa magoti, mwanamke wa miaka sabini, akanifuta uso kwa khanga yake, akasema, "Mbona ulibeba peke yako?"

Wakamsimamisha mtoto katikati ya chumba. Mzee Tsongo akamnyunyizia maji miguuni. Mama mkwe akarudi nyuma mpaka ukutani, akaita kwa sauti ya kumwita mtu anayempenda, "Bwambale."

Nitaandika ukweli. Nilishika pumzi. Mimi niliyemsikiliza Aber, mimi niliyeambiwa alizaliwa nayo na atakua nayo, nilikaa pale kwenye mkeka na moyo wangu wote ulikuwa unasema geuka, geuka, geuka. Sijawahi kutaka kitu namna ile.

"Bwambale."

Mtoto alikuwa ameona tone la maji kwenye kidole chake cha mguu. Akainama kulitazama.

"Bwambale!"

Akakaa chini, akalipangusa.

Nilimwonea huruma mama mkwe kuliko nilivyojihurumia. Nikafikiri, sasa ameona, sasa ataelewa. Alikuwa anamtazama mtoto, midomo inacheza kama anayehesabu. Kisha akanitazama mimi.

"Basi hakuwa mmoja," alisema.

Jumatatu, 20 Januari

Semu hakuweka sahihi.

Jumatano, 22 Januari

Kila asubuhi kabla ya chai Semu ananiuliza, kwa Kiswahili, bila ukali, "Ilikuwa ngapi?"

Ninasema mmoja. Anatikisa kichwa, anakunywa chai.

Nilidanganya neno moja nikaaminiwa miaka mitano. Nimesema kweli, wanataka niongeze. Na nikimwangalia Semu, naelewa kwamba haulizi kwa ubaya. Aliona kama mimi. Alisimama pale mlangoni na yeye alishika pumzi. Mtu aliyetumaini namna ile hakubali kwamba lilikuwa bure. Ni nafuu aamini kwamba hesabu ilikosewa.

Mama mkwe haniiti Mama Mumbere tena, na Mama Bwambale hajalianza. Ananiita "wewe". Lakini chakula cha mtoto anakipika yeye, ndizi anampondea kwa uma jinsi anavyotaka, na leo nimemkuta stoo amekaa naye, wamejizika wote wawili.

Ijumaa, 24 Januari

Siku saba. Nimetaka kuiga sahihi ya Semu. Inajulikana Bwera nzima, anauza pamba huko. Nimeikunja fomu nikairudisha kabatini.

Kufuli tena, kitenge kimetushinda. Kukohoa. Ndizi.

Jumapili, 26 Januari

Nikawapa.

Nilipanga maneno usiku, na asubuhi nilipowaona wamekaa vilevile, Mzee Tsongo kwenye kiti chake, nilijua yatapita. Nilisema kulikuwa na wa pili. Mvulana. Alizaliwa nikiwa njiani kuja huku, hakutimiza mwezi wa tisa, nikamwacha kwa masista wamzike. Hakukuwa na wa pili, Mungu anajua, na masista hao sijui ni wa wapi.

Mama mkwe akauliza, "Alikuwaje?"

Hapo sikuwa nimejiandaa. Nikafungua mdomo, nikasema alikuwa na nywele masikioni. Nikasema alinyonya upande mmoja. Sikuwa na mtoto mwingine wa kueleza. Yule wangu mmoja nimemgawa mara mbili ili watoshe wawili, na nilipokuwa namgawa nikalia kilio ambacho sikukilia Butembo, mpaka Mzee Tsongo akavua kofia. Hakuna aliyenitilia shaka. Uongo wangu ulikuwa na machozi ya kweli ndani yake.

Wakamwita Masereka. Hakuitika. Mama mkwe akasema mara hii hatutafanya haraka, jina ni geni, tumpe muda alizoee. Kumbe alikuwa na subira hiyo muda wote.

Semu akaweka sahihi juu ya meza, mbele yangu. Wino ulikuwa bado haujakauka nilipoichukua.

Alhamisi, 30 Januari

Semu ameipeleka fomu Bwera kwa pikipiki. Mwalimu Gorret amepiga simu mwenyewe. "Mama Masereka? Sawa, nafasi ni yake. Mlete Jumatatu. Lakini mtu moja ya nyumbani lazima akae hapa karibu, amlete kila asubuhi, mpaka atuzoee. Miezi sita, hata mwaka." Nilicheka kwenye simu kama mwehu. Christophe ana chumba cha nyuma Mpondwe, si mbali na Bwera. Nimefua nguo za mtoto na zangu. Nimezikunja pamoja.

Ijumaa, 31 Januari

Nilikuwa nafunga mfuko mama mkwe alipoingia. Alizitoa nguo zangu, moja moja, akazilaza kitandani. Hakuwa na hasira.

"Atakwenda na mimi," alisema. "Nina dada yangu Bwera, ana nafasi."

"Mama, mimi ni mama yake."

"Ndiyo. Na umezika wawili bila kumwambia mtu. Mwanamke aliyepoteza wawili kimya kimya haachiwi wa tatu akakae naye mpakani. Siku moja nitaamka niambiwe mmevuka. Sikulaumu. Ila huyu nitamlinda."

Nilimwangalia Semu. Alikuwa mlangoni. Nikamwambia kwa Kiswahili, haraka, mwambie, Semu, tafadhali, mimi siwezi kukaa hapa bila yeye, sijui hata kelele zake nitazisikia wapi.

Akasema polepole, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa, "Lakini wewe ndiyo ilisema mbili."

Nikisema wa pili alikuwa uongo, nani ataniamini? Na yeyote atakayeniamini atakwenda Bwera kuirudisha fomu, maana itakuwa imepatikana kwa uongo. Nimezunguka ndani ya jambo hili toka mchana, kila mlango ninaoushika ni mimi niliyeufunga. Hata kuwachukia siwezi vizuri. Bibi anamlinda mtoto na mwanamke niliyemtengeneza mimi.

Jumapili, 2 Februari

Jua kali toka asubuhi. Pamba ya mwisho imebaki kwangu.

Nilimfundisha mama mkwe mambo yote. Ndizi isiwe na doa. Akianza kupiga kelele asimguse, akae tu chini karibu naye, asiseme. Jogoo wa dada yake kama yupo wamchinje. Alisikiliza, akanirudia neno kwa neno, hakukosea hata moja. Atamtunza. Hilo ndilo sina pa kuliweka.

Pikipiki ilikuja saa tisa. Dereva mbele, mtoto katikati, bibi nyuma amemzungushia khanga. Hakulia. Alikuwa ameweka kiganja kwenye tangi la mafuta anasikiliza injini, na uso wake ulikuwa uleule wa mferejini. Semu aliwapungia. Walipofika kwenye kona ya kwa mchungaji nilifungua mdomo nimwite, hata kama hatageuka, aende na sauti yangu. Nikasimama pale na majina matatu, nikashindwa kuchagua.